Paladini wa Retribution leveli 60: mwanga unalipuka, lakini kipigo hakionekani

MwangaWaPili ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa kweli kabla sijafanya uamuzi nitakaoujutia.

Nacheza World of Warcraft Classic, ule mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, paladini binadamu, na nina wiki tatu tangu nifike leveli 60. Safari nzima sijawahi kushika ngao. Nilichagua talanta za Retribution, zile za kupiga, kwa sababu moja tu: napenda ile picha ya mtu aliyevaa chuma kizito, upanga wa mikono miwili begani, anapiga na mwanga unapasuka juu ya adui. Nikiwa leveli 20 nilihangaika siku nne kukusanya vifaa vya kutengenezewa Verigan's Fist, mbao za Deadmines, nyundo ya mhunzi kule Shadowfang Keep, mpaka lile jiwe la Blackfathom Deeps, na siku nilipokabidhiwa ile nyundo nilijua nimepata darasa langu.

Sasa tatizo. Juzi tulikuwa danjeni ya Stratholme. Watatu tulikuwa wa kupiga, na programu ya kuhesabu madhara ilinionyesha wa mwisho, mbali sana na wenzangu. Kufika kundi la tatu la maadui mana yangu, ile nguvu ya kutumia uwezo, imekauka, nasubiri ninywe maji huku wenzangu wamesimama. Kiongozi akaniambia, bila ubaya, "Paladini, vaa nguo za uponyaji tu." Nilivaa. Tulimaliza danjeni vizuri. Lakini sikulala vizuri.

Vitu ninavyofanya: Seal of Command (muhuri unaofanya upanga ulipuke mwanga) muda wote, ngazi ya juu kabisa. Judgement (hukumu) kila ikiwa tayari. Consecration (mwanga wa ardhini unaounguza maadui walionizunguka) kila wakifika maadui wawili. Upanga wangu una kasi ya 2.7 (sekunde kwa kila pigo), niliuchukua kwa sababu kipigo chake kwa sekunde kinazidi kidogo cha ule wa zamani uliokuwa 3.5. Na kuna video naziona watu wanabonyeza Crusader Strike, mimi kwenye kitabu changu cha uwezo sina. Nimeruka mwalimu mahali?

Nisaidieni. Nibadili talanta niwe mponyaji, au kuna kitu sikioni?

---

NyundoYaUsiku amejibu:

Ndugu MwangaWaPili, usibadili kitu bado. Nimeucheza upande huu tangu Classic ilipofunguliwa Agosti 2019, na makosa unayoyataja niliyafanya yote, kwa mpangilio huohuo.

Kwanza hilo la video ulitoe kichwani. Hujaruka mwalimu. Crusader Strike ya Retribution ilikuja na The Burning Crusade mwaka 2007, sisi wa leveli 60 hatuna. Sisi tuna pigo la kawaida la silaha, muhuri, na hukumu. Ndiyo maana kila sekunde kati ya pigo na pigo ina thamani.

Sasa upanga. Rudia ule wa 3.5 leo hii. Seal of Command inalipuka wastani wa mara 7 kwa dakika, silaha iwe ya haraka au ya polepole. Ya polepole inapata nafasi kubwa kwa kila pigo, ya haraka inapata nafasi ndogo, na hesabu inaishia palepale. Kinachobadilika ni ukubwa wa mlipuko, kwa sababu kila mlipuko ni asilimia 70 ya madhara ya silaha. Chukua panga mbili zenye kipigo cha 50 kwa sekunde. Wa 2.7 unapiga wastani wa 135, mlipuko wake ni kama 94. Wa 3.5 unapiga 175, mlipuko wake ni 122. Zidisha kwa 7: 660 na kitu kwa dakika dhidi ya 857. Hapo bado sijagusa nguvu zako wewe mwenyewe. Tena ni madhara matakatifu, deraya ya adui haiyazuii hata tone. Kwa hiyo ile tofauti ndogo uliyoiona kwenye maelezo ya upanga mpya ilikudanganya. Unaposoma silaha, tazama namba ya juu ya pigo na kasi, kisha ndiyo uje kwenye kipigo kwa sekunde.

Cha pili ndicho kikubwa, na nakuomba ukisome taratibu. Umesema unatoa Judgement "kila ikiwa tayari". Hukumu inakula muhuri. Ukihukumu nusu sekunde kabla ya upanga kushuka, upanga unashuka mtupu, halafu ndipo unarudisha muhuri. Umepoteza nafasi ya mlipuko kwenye pigo hilo, na kwa silaha yetu nzito kuipoteza kunauma. Weka programu ya nyongeza inayoonyesha mstari wa muda wa pigo. Upanga ukishuka tu, hukumu papo hapo, rudisha muhuri, kisha tulia. Kurudisha muhuri kunakufunga sekunde 1.5 tu, kwa upanga wa 3.5 una nafasi tele kabla ya pigo linalofuata. Niliufanyia mazoezi mwendo huu jioni nzima kwa nguruwe pori, sikuwa natafuta chochote, natazama mstari tu. Baada ya hapo mikono ilijua yenyewe.

Na hukumu ya Command inapiga maradufu adui akiwa ameduwazwa. Hammer of Justice ya kumduwaza kwanza, hukumu ndani ya zile sekunde. Mabosi wengi hawaduwai, lakini maadui wa njiani wanaduwaa, na danjeni sehemu kubwa ni maadui wa njiani.

Mana: tumia Seal of Command ngazi ya 1. Naam, ya 1. Mlipuko wake ni asilimia 70 ileile; ngazi za juu zinaongeza nguvu ya hukumu peke yake, na bei inapanda sana. Vita vikiwa virefu mimi nashika ngazi ya 1, ya juu naiweka pale nina uhakika wa kuhukumu mtu aliyeduwaa. Consecration kwa maadui wawili ni kumwaga maji mchangani. Ngoja wawe wanne. Kwa bosi, anza na hukumu ya Wisdom, kisha endelea na Command; mapigo yako mwenyewe yanaifanya ile ya Wisdom isiishe, na kila anayempiga bosi anaweza kurudishiwa mana kidogo, mponyaji wako naye akimgusa.

Halafu Stratholme! Ndugu yangu, ile ni nyumba yetu. Wengi mle ni wafu wanaotembea. Exorcism, inayopiga wafu na mapepo tu na kwingine inalala kitabuni, mle inafanya kazi kila baada ya sekunde 15. Hukuitaja hata mara moja.

---

ShokaMoja amejibu:

Naheshimu aliyosema Nyundo, lakini MwangaWaPili aambiwe na upande wa pili. Danjeni za watu watano, sawa, utapata furaha yako. Reidi ya watu 40 ni jambo jingine. Mimi ni shujaa wa kupiga, naongoza kundi la reidi, na paladini akiniomba nafasi ya Retribution namuuliza maswali mawili: nafasi ya kulenga ni asilimia ngapi, na uko tayari kubeba baraka za kundi zima bila kukumbushwa?

Kwa bosi wa reidi, mwenye ujuzi wa silaha 300 anahitaji asilimia 9 asikose mapigo ya kawaida ya mikono miwili. Wewe binadamu una bahati, upanga au nyundo unaanza na 305, inashuka mpaka 6. Ukishika shoka kwa sababu linang'aa, unaitupa hiyo bahati. Na hata ukikamilisha yote hayo, mashujaa na wezi wenye vifaa sawa na vyako watakupita. Nakueleza ili usije ukavunjika moyo siku ya kwanza ndani ya reidi ya Molten Core.

Kubadili talanta kunaanza dhahabu 1 na kupanda mpaka 50. Usibadili kila wiki.

---

KikombeChaMana amejibu:

Mimi ni kasisi mponyaji. Nimesoma yote, na hakuna aliyesema kinachonifanya nimtake Retribution kwenye kundi langu.

Wiki iliyopita maadui watatu walinigeukia kwenye danjeni ya Scholomance. Mbeba ngao alikuwa kona ya pili. Paladini wetu wa upanga akaniwekea Blessing of Protection, wale watatu mikono yao ikawa haina maana kwangu kwa sekunde 10, nikaendelea kuponya kana kwamba hakuna kitu. Kisha akasafisha sumu kwa wenzetu wawili kabla sijaomba. Hiyo programu ya kuhesabu madhara haikuandika hata mstari mmoja wa kazi hiyo.

Ombi langu moja tu: usimwekee mbeba ngao baraka hiyo. Anashindwa kupiga, maadui wote wanamwacha, na wa kwanza kufuatwa ni mimi. Yeye pia usimpe Salvation. Hiyo inapunguza hasira ya maadui, tupe sisi wengine.

---

MwangaWaPili amerudi:

Nimerudi, samahani kwa kimya cha siku mbili, nilikuwa mazoezini.

Nimeutoa upanga wa zamani benki. Siku ya kwanza nilichanganyikiwa kabisa. Mkono ulizoea kuhukumu mapema, nikawa nahesabu kwa sauti: shuka, hukumu, muhuri, tulia. Kufika jioni nilianza kuusikia ule mwendo. Nilikuwa naona milipuko ni michache, kumbe mapigo yangu mengi nilikuwa nayavua muhuri mwenyewe.

Jana Stratholme tena, karibu watu walewale. Muhuri wa ngazi ya 1, Exorcism kila ilipokuwa tayari. Nimekuwa wa pili kati ya watatu. Kunywa maji nimekunywa mara mbili tu mpaka mwisho. Kwenye chumba cha mwisho mponyaji aliingiliwa, nikamwekea ile baraka, na hapohapo nikaona ujumbe wake kwenye gumzo: "asante paladini".

ShokaMoja, nimekuelewa. Ninazo asilimia 3 za kulenga, natafuta nyingine 3 kabla sijaomba nafasi kwa mtu yeyote. Baraka za watu 40 niko tayari kuzibeba kuanzia leo.

Nyundo, swali moja limebaki: Hammer of Wrath, ile nyundo ya kurusha, bosi akishuka chini ya asilimia 20 ya uhai, ninaitupa, au naiacha kwa sababu kuivuta kunachelewesha pigo la upanga?

---

NyundoYaUsiku amejibu:

Kwa upanga wa 3.5, mwache bosi amalizwe na upanga. Itupe kwa adui anayekimbia, ambaye upanga haumfikii.