Maji ya bwawa yamekuwa kama ya kuogea mzazi, naomba ushauri

Wakuu, poleni na joto. Nina kibwawa cha kuogelea nyuma ya nyumba, Mbezi Beach, lita 40,000 hivi. Tangu Januari jua linapiga mpaka vigae vinaunguza nyayo. Jana saa kumi jioni nilitumbukiza kipimajoto, kikasoma nyuzi 34! Watoto wanaingia, dakika tano wameshatoka wanagombania feni. Klorini nayo inaliwa na jua, maji yameanza ukijani.

Barafu nilishajaribu (msinicheke), mifuko kumi ikayeyuka kabla sijavua shati.

Fundi anasema nifunge neti ya kivuli, halafu usiku pampu irushe maji juu kama mvua yapoe. Ila kwa unyevunyevu huu wa pwani, yatapoa kweli? Na umeme wa luku je? Aliyewahi kufanya anijuze.