Ukuta wa mama umebandikwa magazeti ya udaku na mtoto anajifunzia kusoma hapo. Nibandue?

BintiMakambako

Wadau, habari za jioni. Nina swali, likiwachekesha sawa tu, ila mimi linaninyima raha.

Nyumba ya mama kule Makambako ni ya tofali za udongo, na chumba tulichokuwa tunalala watoto kimebandikwa magazeti ukuta mzima. Waliokulia nyanda za juu wanajua: Juni na Julai upepo unapenya kila ufa, na gazeti likipakwa uji wa ngano linaziba. Hatukuwa tunayanunua. Yalikuja yamefungia vitumbua, sukari ya robo, siku nyingine nyama. Karibu yote ni ya udaku, ya 2001 hadi 2004, maana ndiyo yaliyokuwa yanatoka sana pale stendi.

Mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma vizuri, basi jioni nawasomea wenzangu. Tatizo ukurasa wa mbele ulikuwa unaishia "Inaendelea uk. 8", na huo uk. 8 umefungia vitumbua vya mtu mwingine. Kwa hiyo mjini nilikujua kwa mianzo tu. Mwanamke kafumaniwa gesti, kilichofuata sijui. Mhudumu wa baa kachuna buzi hadi buzi likauza kiwanja. Kama ilikuwa kweli, au wiki iliyofuata gazeti liliomba radhi kwa maandishi ya sisimizi, sijui.

Mwaka 2006 nikaja Dar, nikapanga chumba Manzese. Mlango uliotazamana na wangu alikaa dada mmoja mhudumu wa baa. Mwaka mzima salamu yangu kwake iliishia mdomoni, na kufuli nilinunua mbili. Nyumba nzima ilikuwa inacheza upatu na yeye ndiye kijumbe, nikakataa kuingia. Hakuna aliyewahi kunionya juu yake. Nilikuwa nimeshamsoma ukutani. Nilipokuja kumzoea, baadaye sana, nikakuta maisha yake yote ni kulala hadi saa sita mchana, kufua sare kila Jumatatu, na kwenda Ubungo kumpa kondakta wa basi la Singida hela ya mwanawe. Gazeti gani lingemwandika?

Sasa Desemba nimekwenda nyumbani, namkuta binti wa kaka yangu, yuko la pili, anafuatisha maandishi ukutani kwa kidole: "FU-MA-NI-ZI LA MWA-KA SI-NZA". Kageuka: "Shangazi, fumanizi ni nini?"

Nimemwomba mama tubandue, hataki hata kusikia. Nibandue akienda sokoni? Au nakuza mambo?

---

MezaKonani

Dada, mimi nimeuza magazeti Mwanza miaka kumi na moja, acha nikupe ya mezani.

Saa moja asubuhi nimeshatundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Watu ishirini wamesimama, anayenunua mmoja. Wale kumi na tisa ndio wanaopeleka habari vijiweni, na wamesoma kichwa tu, mikono nyuma. Wewe angalau ulipata ukurasa mzima!

Na usiwalaumu waandishi peke yao. Gazeti lililoandika bei ya pamba nililiweka chini, lenye picha ya gesti nikalitundika usawa wa macho. Hakuna aliyenituma. Kodi ya meza ndiyo iliyonituma. Ukipita kona yangu kila siku mwaka mzima ukaona mashuka tu, utasema Tanzania nzima iko kitandani, wakati wenye pamba wako pale pale chini, wamekandamizwa na jiwe wasipeperuke.

Ila si kila mnunuzi aliyameza. Nilikuwa na mama lishe, kila Jumanne anachukua moja kwa ajili ya hadithi ya kuendelea. Anakata ukurasa ule anauficha kwenye kanga, unaobaki anafungia chapati. Nilimuuliza siku moja habari ya ukurasa wa mbele, akaniambia, "Hayo ya watu, mie nataka kujua kama yule binti ataolewa."

---

BabuIlala

Wanangu, ukuta huo ni mkongwe kuliko mnavyodhani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, baba ananituma gazeti kila asubuhi. Barua za wasomaji zilimiminika magazetini, za Kiswahili na za Kiingereza. Nilizisoma kuliko habari za mpira.

Wengi walioandika walikuwa wanaume, na ukisoma barua kumi mfululizo unaanza kuona kwamba hasira si ya sketi. Hasira ni ya yule msichana wa ofisini, anayepiga taipu, ana mshahara wake, na jioni anachagua wa kutoka naye. Walikuwepo pia waliohoji: kama sketi fupi ni ya kigeni, suti na tai ni za ukoo gani? Lakini mimi na wenzangu tulikariri zile za kwanza. Nasema kwa aibu, tulikuwa tukimpigia miluzi kila dada aliyeshuka basi Kariakoo na tukajiona tunajenga taifa.

Kwa ulivyomtendea huyo dada wa Manzese, usililaumu gazeti la 2003 peke yake.

---

Neema_wa_Kuku

Mnaongelea udaku kana kwamba makala nzuri hazidanganyi. Mimi nilibandika yangu kwenye daftari: vijana wajasiriamali, picha ya mtu kashika trei ya mayai anacheka. Kila wiki mwingine, kila wiki anacheka. Nikaamini kabisa asiye na hela ni mvivu, kaka yangu mwenyewe nilimwita hivyo mbele ya watu. Nikachukua mkopo, vifaranga mia mbili. Kideri kikapita siku nne, nikabaki na kumi na mmoja. Kwenye daftari lote hakuna hata mmoja aliyefiwa na kuku. Yote yale yalikuwa kweli, watu wapo, mayai yapo. Walioachwa nje ndio waliokuwa wengi.

Kaka nilimwomba radhi. Bado ananitania.

---

FundiPima

Nyie mna maneno mengi. Kubandua utatoka na udongo. Bandika juu yake. Mifuko ya saruji, au vitabu vya zamani vya darasa la tatu. Uji wa ngano uwe mzito, weka chumvi kidogo. Kwisha.

---

BintiMakambako

Asanteni wote. BabuIlala shikamoo, ile ya miluzi imeniingia. Neema pole na kuku.

Jana nimempigia mama nimweleze wazo la fundi. Kuna kitu sikuwaambia: mama hakusoma. Baadhi ya karatasi alizibandika kichwa chini, ndiyo maana yule mtoto anaposoma anapinda shingo. Yote anayoyajua ya ukuta ule aliyapata kwangu mimi, jikoni, huku anasonga ugali. Mdogo wangu alipopata nafasi ya chuo Dar mama alikataa katakata, akampeleka Iringa, na mimi nikamwona mshamba.

Kubandika juu kakubali. Hatukubishana hata. Ila kabla hajakata simu akauliza, "Lakini yule mwanamke wa Sinza mwisho wake ilikuwaje? Maana wewe uliishia pale mlango ulipovunjwa."