Mrejesho: namba za vitabu maktabani, sasa nazisoma

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza mnatafutaje kitabu maktaba ya chuo, maana nilizunguka kwenye rafu saa nzima na namba ya kitabu, PL8704 .K365, mkononi, nikatoka kapa. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyeniambia nisome kipande kwa kipande ndiye aliyenitoa tongotongo. Herufi PL kwanza, kisha 8704, hiyo inahesabiwa kawaida. Nilikuwa naumia baada ya nukta: 365 ya pale inasomwa kama desimali (0.365 ni ndogo kuliko 0.4), hivyo .K365 inakaa KABLA ya .K4. Mimi nilikuwa nahangaika huko mbele kwenye K5 na K6, kumbe nimeshaipita! Jana nimekiona ndani ya dakika tano, kimebanwa katikati ya diwani mbili nene.

Kitabu cha pili nilichokuwa nakitafuta bado. Katalogi inasema kipo, rafuni hakipo. Nikaangalia rafu ya juu na ya chini, hadi toroli la vitabu vilivyorudishwa kama mlivyoshauri, patupu. Mkutubi ameandika namba ya kitabu hicho, atakisaka. Ila vitabu vya somo moja hukaa pamoja, kwa hiyo jirani yake nimeokota kingine cha ushairi ambacho hata sikukijua.