John Ainsworth: je, mikaratusi ya Nairobi inaufuta waraka wa 1919?

Hoja iliyo mbele yetu inasema kwamba John Ainsworth, aliyefika Machakos mwaka 1892 akiwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza na kuhamia Nairobi mwaka 1899 reli ilipofika, akumbukwe kwa heshima kwa sababu aliupandia mji huo miti ya mikaratusi na kuwatetea Waafrika mbele ya masetla, yaani walowezi wa Kizungu. Sehemu yake naikubali. Masetla wengi walimwona kuwa anaegemea upande wa wenyeji, na alipokuwa Mkuu wa Mkoa wa Nyanza aliwahimiza watu walime pamba na simsim katika mashamba yao wenyewe, jambo lisilomfurahisha mwajiri anayetafuta vibarua.

Ninapokataa ni Oktoba 1919. Akiwa Kamishna Mkuu wa Masuala ya Wenyeji, na kwa agizo la Gavana Northey, Ainsworth alitia saini waraka uliowataka maofisa wa wilaya na machifu wawahimize vijana wenye nguvu waende kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Neno "kuhimiza" lisitupumbaze. Waraka huohuo uliagiza kwamba majina ya machifu waliosaidia na wasiosaidia yaandikwe, na taarifa zipelekwe kwake ili Gavana azione. Tena, pale mashamba yalipokuwa jirani na maeneo ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Chifu ambaye cheo chake kinategemea taarifa ya namna hiyo atawezaje kuishia kwenye kuhimiza?

Wanaomtetea husema alikuwa akitii amri. Northey alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwaka nchini. Ainsworth alikuwa amekaa na machifu karibu miaka 30, naye ndiye aliyejua vizuri kuliko wote jinsi neno la ofisini linavyogeuka likifika kijijini. Waziri wa Makoloni, Churchill, alipopiga marufuku mwaka 1921 maofisa kuwatafutia waajiri binafsi vibarua, malalamiko kuhusu wanawake na wasichana kulazimishwa kazi za mashambani yalikuwa tayari miongoni mwa madai ya Harry Thuku, mwanaharakati aliyepigania haki za Waafrika, na wenzake.

Sitaki jina la Ainsworth lifutwe katika historia ya Nairobi. Nataka waraka huo usimuliwe kila inaposimuliwa miti yake, na ninawaomba wanaomtetea wanieleze wanaisomaje ile sentensi ya wanawake na watoto.