Muacheni alale

Mama Pacha: Wapendwa naombeni mniombee, usiku wa tatu huu saa tisa inanikuta macho makavu, kichwa kinapiga hesabu tu, kazi, ada, mama mkwe anaumwa, nikisema nisali nafika katikati nimeshahamia kwenye ripoti ya bosi

Mjomba: Wafilipi 4:6 msijisumbue kwa neno lolote 🙏🙏🙏

Mama Pacha: Amina mjomba

Mama Pacha: ila niseme ukweli msinielewe vibaya, huo mstari nimetumiwa na watu watano wiki hii na kila nikiusoma najiona mkristo feki. Jana nimejifungia bafuni nikafungulia bomba ili watoto wasisikie nalia, wanagonga mama unaoga mpaka saa ngapi, nawajibu namalizia, na wala sijavua hata kandambili

Kitinda Mimba: Dada jamani 😢 si ungenipigia

Shangazi: Pole mwanangu. Mjomba wako ana nia njema ila Paulo aliyaandika yale akiwa kifungoni, hakuwa amejinyoosha kwenye sofa. Halafu mstari hauishii hapo, unasema haja zenu zijulikane na Mungu. Sasa huko bafuni na bomba lako ulikuwa unafanya nini kama si hicho?? Zaburi 13 Daudi anauliza hata lini, hata lini, mara 4 ndani ya mistari 2, na hakuna aliyemwambia imani yake ndogo

Mjomba: Shemeji nimekoma 😂

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti 4:37

Kitinda Mimba: Nani kasikiliza ya babu anifupishie niko kazini

Mama Pacha: Nimeisikiliza mara mbili na bibi anamkatisha katikati 😂 Anasema nabii Eliya, 1 Wafalme 19. Juzi tu ameshusha moto mlima Karmeli, leo kamkimbia malkia Yezebeli anayetaka kumuua, yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika akaja, hakumhubiria wala hakumuuliza imani yako iko wapi. Akamgusa, inuka ule, mkate na maji hapo kichwani. Akala akalala TENA, akaguswa tena, akala. Ndo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka mlima Horebu, na ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia huko mbele kabisa

Mama Pacha: Hii stori naijua toka sunday school, ila kwamba usingizi ulitangulia mahubiri sikuwahi kuliona

Babu: NA HUKO HOREBU AKAPEWA ELISHA WA KUMSAIDIA. HAKUAMBIWA AKAZE TU

Kitinda Mimba: Babu punguza herufi unatupigia kelele 😂

Shangazi: Mwanangu usiku simu iache sebuleni. Sala usiifanye ripoti nyingine ya bosi, taja kitu kimoja kinachokubana, Bwana nihurumie, basi lala. Na usingizi ukigoma wiki ya pili nenda kaonane na daktari usiogope watu watasema nini, Luka mwenyewe alikuwa tabibu

Mama Pacha: Sawa shangazi. Hapo kwa daktari nilikuwa naona kama ni kumkosea Mungu

Shangazi: Kumkosea wapi

Mjomba: Haya mimi sina mstari tena nina gari. Nawachukua mapacha leo jioni mpaka jumapili, tutakutana ibadani. Waandalie nguo tu

Mama Pacha: Mjomba usinilize tena nimepaka wanja

Kitinda Mimba: Na mama mkwe jumamosi nakaa naye mimi

*(saa mbili usiku)*

Mjomba: Mapacha wamefika salama wameshaanza kugombania rimoti. Mama yao mbona kimya namtumia picha hata hajaona

Kitinda Mimba: Nimepita kwake sasa hivi, kalala kwenye kochi na viatu vyake mguuni. Nimemfunika shuka. Nimwamshe ale??

Babu: MALAIKA ALISUBIRI KWANZA

Shangazi: Muacheni. Chakula kifunike mezani. Na nyie acheni kutuma meseji simu yake inalia

Mjomba: 🤐