strdup na strcasestr zimekataa: -std=gnu99, #define au -D kwenye Makefile?

kodi_mchanga: Wakuu, mwalimu katuagiza tukompaili kwa -std=c99. Tangu hapo gcc 14 (kikompaila changu cha C) inadai strdup (ya kunakili maandishi) na strcasestr (ya kutafuta neno bila kujali herufi kubwa au ndogo) hazijatangazwa, na string.h nimeiweka. Nimeona njia tatu: kuhamia -std=gnu99, kuandika #define _GNU_SOURCE ndani ya faili, au kutia -D_GNU_SOURCE kwenye Makefile. Ipi bora?

fundi_glibc: Fankisheni zenyewe zimo kwenye maktaba, ila -std=c99 inawasha makro ya __STRICT_ANSI__, na glibc (maktaba ya C ya GNU) inaficha matangazo ya yote yasiyo ya kiwango cha C cha ISO. gnu99 itakurudishia strdup, maana hapo makro ya _DEFAULT_SOURCE hujiwasha. strcasestr bado itagoma, hiyo inataka _GNU_SOURCE. Kwa hiyo njia ya kwanza inakutibu nusu.

mama_terminali: Mbona kwangu strcasestr inatoa onyo tu na programu inajengeka? Ila ikifika pale inaanguka, Segmentation fault.

fundi_glibc: Gcc yako ni ya kabla ya 14, dada. Hizo zikikosa tangazo hudhani fankisheni inarudisha int. Pointa ya biti 64 inakatwa ibaki 32, unabaki na anwani isiyokwenda popote. Kuanzia 14 ni kosa kabisa, na mimi nashukuru. Onyo la aina hiyo watu walikuwa wanalipita tu.

posix_kwanza: Kodi, usikimbilie _GNU_SOURCE kwa kila kitu. Kwa strdup na getline, ambazo zimo kwenye POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), #define _POSIX_C_SOURCE 200809L inatosha. _GNU_SOURCE haiishii kufungua milango, kuna mahali inabadili tabia: strerror_r ya POSIX inarudisha int, ya GNU inarudisha char *. Ukizoea ya GNU, siku ukipeleka programu yako kwenye Alpine (aina ya Linux), ambako maktaba ni musl, itakataa.

kodi_mchanga: Nimeiweka _GNU_SOURCE chini ya #include zangu, hakuna kilichobadilika.

posix_kwanza: Lazima itangulie #include ya kwanza kabisa. features.h (faili ya glibc inayoamua matangazo yapi yaonekane) ikishasomwa, uamuzi umeshapita.

makefile_mzee: Ndiyo maana mimi ni mtu wa -D. Faili zote zinapata kitu kimoja, hakuna wa kusahau mstari. Tatizo ni kwamba mtu akichukua faili yako moja bila Makefile, haijengeki. Ukitaka zote mbili, -D na #define, zungushia #define yako kwa #ifndef, la sivyo gcc italalamika makro imefafanuliwa upya, kwa sababu -D inaipa thamani 1 na #define yako ni tupu.

fundi_glibc: Kwa kazi ya darasani ya faili moja, weka #define mstari wa kwanza, -std=c99 ya mwalimu ibaki.

mama_terminali: Na strdup imeingia rasmi kwenye C23, toleo jipya la kiwango cha C, ukiweza kumshawishi mwalimu.

kodi_mchanga: Huyo? Hata // kwenye maoni hataki.