Greda linaziba mitaro ya mji wetu, kisha tunaambiwa barabara imetengenezwa

Ndugu zangu, nina hasira, na nimeona ni heri niiandike kwa utaratibu ili anayehusika akisoma asipate pa kusema kwamba haya ni maneno ya mtu asiyeelewa. Mji wetu ni mdogo, uko Nyanda za Juu Kusini, na unaishi kwa viazi, mahindi na mbao. Mvua zake hazimshtukizi mtu yeyote: huanza kati ya Novemba na Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kila mkulima hapa hupanga shamba lake kwa kalenda hiyo. Wanaopanga matengenezo ya mitaa yetu peke yao ndio wanaoleta greda Januari, wakati udongo umekwisha kuwa tope na Fuso za viazi zinavutwa kwa trekta.

Naomba nieleze kinachofanyika, kwa sababu nimekishuhudia mwaka baada ya mwaka. Greda linapita mara mbili, linakwangua uso wa barabara, na udongo wote uliokwanguliwa, pamoja na nyasi na ile moramu kidogo, yaani changarawe ya kumwaga barabarani, iliyokuwa imebaki, linausukuma pembeni. Pembeni ndiko uliko mtaro. Kwa hiyo siku ile ile ambayo barabara inaandikwa kwenye taarifa kuwa imechongwa, mtaro wake unakuwa umefukiwa kwa urefu wote wa mtaa. Boza la maji haliletwi, mtambo wa kushindilia hauletwi, na mkandarasi anaondoka kabla jua halijazama. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yanakosa njia, yanapanda barabarani, yanachimba mfereji katikati, na yanayobaki yanaingia kwenye nyua za watu walio upande wa chini. Mama mmoja anayepika chakula karibu na njia panda ya soko amehamisha jiko lake kwa sababu maji ya barabara yanapita mahali alipokuwa ameweka mafiga.

Barabara ya udongo au ya changarawe adui yake mkubwa ni maji yaliyosimama, na hilo si jambo la kuhitaji shahada kulielewa. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake huanza na mtaro. Kwanza anauzibua na kuutoa udongo nje kabisa, kisha anahakikisha makalvati, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, yanapitisha maji upande wa pili, kisha anachimba michirizi ya kuyatoa maji kwenye mtaro na kuyapeleka bondeni kila baada ya umbali fulani. Baada ya hapo ndipo anapogusa uso wa barabara, na hapo pia anaijenga iwe na mgongo: kutoka katikati kwenda pembeni ishuke kiasi cha sentimita 5 hivi kwa kila mita 1, ili tone likidondoka lielekee mtaroni bila kusita. Moramu ikimwagwa, tabaka la kawaida ni sentimita 15, linamwagiwa maji na kushindiliwa lingali na unyevu. Mtaa wetu haujapata hata kimoja katika hivyo kwa mpangilio huo. Unapewa hatua ya mwisho tu, tena nusu, tena katika msimu usiofaa.

Kwa nini Januari? Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, katikati ya kiangazi chetu, na usingepatikana wakati mzuri zaidi kwa kazi hii, kwani udongo ni mkavu, mito iko chini na machimbo ya moramu yanafikika. Lakini Julai ndipo taratibu za zabuni zinapoanza kukimbizwa, Agosti na Septemba zinapita kwenye uchambuzi na mikataba, fedha zinachelewa, na mkandarasi anafika eneo la kazi mawingu yakiwa yamejaa. Wenye mamlaka wanajua kwamba mvua za mji huu zitakuja Novemba. Kwa nini nyaraka zisiandaliwe Machi na Aprili, bajeti ikipitishwa mkataba ukasainiwa mara moja, na mitaro ikawa imezibuliwa kabla ya mwisho wa Septemba?

Na asije mtu kutuambia kwamba hatuchangii. Kabla ya mwaka 2017 barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na mwaka huo zikahamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, kwa lengo jema la kuwa na chombo kimoja chenye wataalamu. Mwaka 2021 Bunge likaongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda anayeweka lita moja asubuhi ili aanze siku anailipa shilingi hiyo mia kabla hajapata abiria wa kwanza, kisha anapita kwenye shimo linalomkunjia rimu. Mwenye Fuso anailipa kwa kila lita ya dizeli, kisha anaipandisha kwenye nauli ya gunia, na gunia linampunguzia mkulima bei. Sisi ndio tunaolipa, na tunayo haki ya kuuliza fedha zetu zinafukia mitaro kwa idhini ya nani.

Ukienda kuuliza, ndipo unapoona jinsi mji mdogo unavyoweza kukosa mwenyewe. Ofisi moja inasema udongo ulioko mtaroni ni suala la barabara. Nyingine inasema kilichoko mtaroni ni taka, na taka si kazi yake. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye pekee anayegongewa mlango usiku maji yanapoingia ndani, hana hata koleo la ofisi. Sitaji ofisi kwa jina kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtumishi mmoja, lakini kila mmoja wao anajua alinijibu nini.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wenyewe ndio wanaotupa taka mitaroni. Ni kweli wapo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, wachukuliwe hatua. Wapo pia wenye maduka waliomwaga zege juu ya mtaro ili wateja waegeshe pikipiki, na hao nao wabomoe kwa gharama zao. Lakini mtaro wa mtaa wetu haukuzibwa na chupa za maji. Umezibwa na udongo wa greda, na unaonekana, mwekundu, wenye alama za blade. Tena wananchi tunajitokeza Jumamosi ya mwisho wa mwezi kufanya usafi kama tulivyoagizwa. Tunazoa tope mtaroni kwa majembe na mikono, tunalirundika kando ya barabara kama tulivyoelekezwa, tukiahidiwa kwamba gari litakuja kulibeba. Gari haliji. Mvua inakuja na kulirudisha lote mtaroni. Nimewaona wazee wakizoa tope lile lile waliloliacha mwezi uliotangulia, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Kipande chetu cha lami, kile kinachopita stendi na sokoni, kinatendewa vivyo hivyo. Shimo linajazwa kifusi, magari yanakitawanya kwa wiki mbili, linajazwa tena. Kiraka cha kweli hukatwa kingo zake zikawa wima, shimo likasafishwa na kukaushwa, likapakwa lami ya kushikiza, likajazwa na kushindiliwa. Magugu ya njia panda ya shule yamekuwa marefu kuliko mtoto wa darasa la tatu, na dereva hamwoni mpaka awe amekwisha ingia barabarani. Taa za sola nazo, nyingi hazijawaka tangu betri zilipokufa.

Ninachodai kinatekelezeka bila shilingi ya ziada. Mitaro izibuliwe Agosti na Septemba, na mkandarasi asilipwe kwa kuchonga mtaa ambao mtaro wake umejaa udongo wake mwenyewe. Kazi ya kuzibua na kufyeka ipewe vikundi vya vijana na wanawake wa mitaa husika, kwa kuwa sheria ya manunuzi imekwisha kuwatengea makundi maalumu asilimia 30, na watu wanaolala pembeni ya mtaro huo hawataufukia. Tope la Jumamosi ya usafi libebwe siku hiyo hiyo. Na kabla ya malipo ya mwisho, mwenyekiti wa mtaa aitwe auone mtaro kwa macho yake na kutia saini.

Wahandisi na maofisa manunuzi mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima mjibu swali moja: ni kifungu gani kinachowazuia kumpeleka mkandarasi barabarani wakati wa kiangazi?